Treni ya Masoko na Plagi Iliyochomolewa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Reli imekamilika! Inazunguka sebule nzima: stesheni ya Tukuyu juu ya kabati, Ibighi nyuma ya kochi, Masoko mlangoni pa jikoni. Miaka thelathini nilikata tiketi za treni za watu wengine. Sasa ninayo yangu, ndogo, zawadi ya kustaafu. Tatizo: transfoma moja, kile kisanduku kinachopunguza umeme wa ukutani, haitoshi. Treni inakata pumzi ikipanda kutoka Masoko. Nimepata ya pili. Jumamosi anakuja Mwalimu Beatrice, mkuu wa sekondari, kuchagua nani akafundishe wanafunzi ufundi: mimi, au jirani yangu Anwari, fundi umeme. Anwari! Kazaliwa juzi!

Anwari kachungulia dirishani. Kasema transfoma mbili kwenye reli moja ni hatari. Nikate reli, kila transfoma iwe na kipande chake, na zote zichomekwe kwenye ekstensheni yenye swichi moja, ziwake pamoja, zizimike pamoja. Nimemshukuru. Nimefunga dirisha.

Jumanne, 6 Mei

Sijakata kitu. Reli haikatwi! Transfoma moja nimechomeka sebuleni, ya pili jikoni, njiti ya kibiriti ikifungua tundu la juu la soketi. Cheche! Harufu ya nywele kuungua. Zangu. Nimeigeuza plagi ya jikoni, mguu wa kulia ukaingia kushoto. Kimya. Treni imepanda kama mbuzi. Fundi wa nini?

Alhamisi, 8 Mei

Saa sita mchana, ukungu umeingia hadi sebuleni. Nimechomoa plagi ya jikoni ili mke wangu, Tupokigwe, achaji simu. Treni imeendelea kutembea. Polepole, hadi Masoko, taa yake ikipapasa ukungu. Transfoma ya jikoni, haijachomekwa popote, inanguruma. Nimeigusa. Ina joto kama la mwili wa mtu.

Tupokigwe kasimama na sufuria mkononi. Kauliza, "Baba Lusungu, nani anaiendesha?"

Kisha, wazo! Jumamosi nitaonyesha treni isiyohitaji umeme. Anwari ataiweza hiyo?

Jumamosi, 10 Mei

Naandika yote, kama yalivyotokea.

Mwalimu Beatrice alikaa kwenye kochi. Anwari, niliyemwalika ashuhudie, alisimama mlangoni, ukungu mgongoni kwake. Niliweka plagi ya jikoni, iliyochomolewa, kwenye sahani mezani, kama keki. Treni ikatembea. Mwalimu akaacha kunywa chai.

Anwari akasema, "Mzee Andongwisye, mtu asiiguse hiyo plagi."

Nikacheka. Nikatikisa meza kwa kucheka, chai ikamwagika. Tupokigwe akaja na kitambaa kibichi, akainua plagi ili afute.

Hakupiga kelele. Alisimama wima, macho wazi, vidole vimeng'ang'ania, midomo ikimwita mama yake bila sauti. Mama yake tulimzika mwaka juzi. Treni ikapunguza mwendo, kana kwamba inamsubiri apande.

Anwari aliruka, akachomoa transfoma ya sebuleni. Tupokigwe akaanguka. Nilipiga magoti, nikaita jina lake hadi akavuta pumzi.

Njiani kwenda hospitali Anwari alinieleza, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Umeme mdogo wa sebuleni ulipita relini, ukaingia transfoma ya jikoni kinyumenyume, ukakua ukawa mkubwa kama wa ukutani, ukatokea kwenye plagi. "Ilikuwa inang'ata tangu Alhamisi, mzee wangu."

Vidole viwili vimeungua. Moyo wake ni mzima. Mwalimu kamchagua Anwari.

Jumapili, 11 Mei

Tupokigwe amelala kwa dada yake, Esnath. Anwari kaja alfajiri, kakata reli, kafunga selotepu kila kiungo, transfoma zote kwenye swichi moja. Kazi safi, nakiri.

Nimetafakari ibada nzima. Kosa nimeligundua: Tupokigwe alikuwa pekupeku! Mimi nina gambuti za mpira. Na kama transfoma inakuza umeme kinyumenyume, basi treni inaweza kuwasha taa ya jikoni! Selotepu nimebandua. Pale Anwari alipokata reli nimeunga kwa waya. Transfoma ya tatu nimeitoa kwenye redio mbovu, nikaiunga relini, waya zake hadi taa ya jikoni.

Tupokigwe kapiga simu. Anarudi kesho asubuhi. Kauliza kama nyumba ni salama. Nimemwambia aingie moja kwa moja jikoni, atakuta taa inawaka.