Sahani Isiyotua

Jumatatu, 10 Juni

Profesa Jean-Claude ameandika. Nafasi katika maabara yake kule Goma ni moja tu. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Archange. Kila mmoja atume filamu ya macho ya watu, pamoja na alichogundua, kabla ya Jumapili usiku. Archange tayari ana watu. Archange hakosi watu. Ana meno mazuri. Mimi niko Masisi kwa wazazi, nina simu moja na wazo moja.

Wazo lenyewe: kitu kikitokea pembeni, jicho hukirukia kabla mwenyewe hajaamua. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki. Nataka kujua breki ya nani inashika. Yangu inashika sana. Nimejipima mbele ya kioo, sikuona jicho langu likiruka hata mara moja.

Jumanne, 11 Juni

Nimekumbuka kwamba hakuna binadamu anayeweza kuona jicho lake likiruka kwenye kioo. Ubongo huficha. Jambo hili limo katika tasnifu yangu mwenyewe, ukurasa wa nne.

Nimehamia kwa wateja wa Mama dukani. Niliwaomba watazame msumari ukutani huku nikiwasha tochi pembeni. Mwanamke mmoja aliuliza kama tochi inauzwa. Védaste wa pikipiki alikaa vizuri, akautazama msumari kwa muda, kisha akasema, “Dada Kasoki, musumari iko muzima. Sasa?” Mama akanitoa nje, akisema nawafukuzia riziki.

Matokeo ya leo: filamu ya jicho moja. Limefumbwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata! Jumamosi wanakuja kumposa dada yangu Kavira. Ni ukoo wa mchumba wake Eugène, wakulima wa mlimani: wageni wengi, benchi moja, ukuta mmoja, mwanga wa dirisha usoni. Na kila mtoto wa huku amefundishwa kwamba mgeni mwenye heshima hatazami chakula kikitoka jikoni. Humtazama anayesema. Nani aliwahi kupewa maabara kama hii?

Simu itajificha kwenye maua ya plastiki nyuma ya kichwa cha Papa, baba yangu, anayetoa hotuba. Mimi nitapita pembeni na sahani iliyofunikwa, nitokee mlango wa uani, nizunguke nyumba, nipite tena. Nyama halisi ingemwagika, kwa hiyo ndani nitaweka jiwe la mtoni, mkono wangu uonyeshe uzito. Kitambaa nimekipaka mafuta ya kukaangia ili kinukie.

Profesa anasisitiza kwamba watu wakubali kwanza. Wamekubali kuja. Inatosha.

Jumamosi, 15 Juni

Mara ya kwanza nilipopita, macho yaliruka kama panzi. Vizuri sana. Mara ya pili na ya tatu pia. Papa alikuwa bado anasalimia ukoo kwa ukoo. Nilipopita tena, Papa Nsengimana, msemaji wa wageni, alimkatiza kwa upole. “Muzee, samahani. Ile sahani iko naenda Hombo?”

Hombo ni mbali sana na kwetu; benchi zima likacheka. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Nilipita tena.

Papa Nsengimana akasimama. Akasema, “Mutoto wangu, umechoka, leta nikusaidie.” Akaipokea sahani, akafunua.

Akaliinua jiwe, wote walione. Akamuuliza Papa kama hilo ndilo jibu, kwamba wao wameomba binti na wamepewa jiwe. Papa aliikunja karatasi ya hotuba. Kavira alinitazama. Macho yake hayakuruka popote.

Aliyetuokoa ni Koko Mukandayisenga, nyanya yake Eugène. Aliuliza kuna nini kwenye sahani. Alipoambiwa, alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye alipoposwa walipewa maharage bila chumvi na ndoa ilidumu, kwa hiyo chakula kije, hajapanda pikipiki yote ile kurudi bila mukwe.

Posa imekubaliwa. Papa ametozwa mbuzi, faini ya lile jiwe. Mimi nimewanawisha wote mikono, nikiwa nimepiga magoti.

Jumapili, 16 Juni

Nimeitazama filamu. Wote wameshindwa, hata Papa Nsengimana na heshima zake. Wote isipokuwa Koko. Jicho lake halikuruka hata mara moja! Sahani inapita, yeye ametulia kama mlima. Ugunduzi: breki ya ubongo huimarika kwa uzee na malezi. Nimeandika mchana kutwa kwa Kifaransa kizito. Nimetuma. Nimefikiria jinsi nitakavyomfariji Archange.

Jumanne, 18 Juni

Tulimpelekea Koko jibini, mimi na Kavira. Nilikwenda na simu, nimpige filamu kwa mara ya pili. Nilimpa mkono. Yeye akausalimia mwimo wa mlango.

Eugène alieleza kwamba Koko ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na haoni kitu tangu yeye Eugène akiwa shule ya msingi. Akauliza kwa heshima kama mimi, muntu wa kusomea macho, sikuona.

Kavira alicheka kuteremka mlima wote. Angalau sasa ananisemesha.

Jioni nilimwandikia Profesa kwamba kuna dosari ndogo ya kiufundi.

Alhamisi, 20 Juni

Jibu limefika. Nafasi ni ya Archange. Mimi nijaribu mwakani, nikikumbuka kwanza kuomba ruhusa ya watu, pili kuhakikisha kwamba wanaona.

Nililia kidogo nyuma ya magunia ya maharage. Kisha nikatafakari kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona wazi: sahani ile haikuwa na sababu ya kupita. Kinachopita lazima kiwe na haki ya kupita. Kila Jumapili kapu la sadaka hupita mbele ya parokia nzima, watu wote wanajitahidi kutolitazama, na hakuna anayeuliza kama linaenda Hombo.

Nimemwomba Padri nilibebe. Amefurahi sana, amesema hatimaye nimetulia. Simu inaenea vizuri kwenye maua ya altare.