Lenga-lenga Zangu Zimeniletea Matanga

Wandugu, leo nimeliliwa nikiwa hai. Tena nikiwa na sabuni masikioni.

Nieleze polepole, kwa sababu mtaani habari tayari inasimuliwa vibaya, na kuna mtu ameniuliza nilifufuka saa ngapi.

Mnaijua parcelle yetu, kiwanja chetu cha hapa Katoyi. Ni jiwe. Sisemi mawe, nasema jiwe: lile jeusi la volkano, moja tu, kuanzia mlangoni hadi chooni. Ukiangusha sindano inalia. Kaka wa mke wangu analitamani eneo hilo aweke magunia yake ya makala, yale makaa ya kupikia anayouza. Mimi nalitamani nipande lenga-lenga, mchicha wetu wa huku. Mke wangu, Mama Neema, alichoka kutusikiliza, na juma lililopita akakata maneno.

"Mama yangu anakuja kututembelea. Yeye ni mulimaji wa Masisi, analima tangu utoto. Akisema hii ni bustani, ibakie. Akisema ni jiwe, makala inaingia siku ile ile."

"Na pesa ya bustani?"

"Pesa gani?"

(Hiyo ndiyo bajeti.)

Nikaanza bila kitu. Na nawahakikishia, inawezekana, msikate tamaa. Mvua kubwa ikinyesha huteremsha udongo mweusi mzuri ndani ya mfereji wa barabara, na hakuna anayeutaka. Niliuzoa kwa gunia, siku tano. Samadi nilipewa na muzee mmoja mwenye ng'ombe wawili, naye ndiye aliyenishukuru mimi. Vyote pamoja vilitosha tuta moja, urefu wa mtu aliyelala. Ili mvua isiubebe tena udongo wangu, nikauzungushia mawe. Chokaa kidogo ilikuwa imebaki kwenye kopo, nikayapaka yawe meupe. Upande wa juu nikasimamisha vijiti viwili vilivyofungwa kwa kupishana, na juu yake kibao chenye tarehe niliyopanda miche. Mkulima asiyeandika tarehe huvuna kwa kubahatisha.

(Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona. Mimi niliona lenga-lenga.)

Leo asubuhi Mama Neema akateremka soko la Kituku kutafuta sambaza, dagaa wa ziwani, za kumpikia mama yake, ambaye tulimtazamia saa nane mchana. Nikabaki na kazi ndogo za mwisho.

Kwanza, kivuli. Jua la hapa likipiga jiwe jeusi, miche hulala kabla ya saa sita. Nikaazima turubai la kanisa, nikalifunga juu ya fimbo nne. Pili, mahali pa kupanga makopo ya vitunguu. Nikaazima benchi mbili za kanisa. Tatu, majani ya kufunika udongo usikauke. Jumamosi kulikuwa na ndoa parokiani, na matawi ya mitende waliyopambia yalikuwa yametupwa. Nikabeba yote! Nikayaegemeza mlangoni, huku na huku, yasinizibie njia kabla sijayakatakata. Nne, majivu ya kufukuza wadudu. Nikawasha gogo kubwa katikati ya uwanja.

Kila kitu bure. Nikajitazama kwa furaha, nikaenda kuoga.

Hapa niwafafanulie walio mbali. Kwetu, nyumba yenye msiba haihitaji tangazo. Matawi yakisimama mlangoni, turubai likifungwa uwanjani, benchi zikiwekwa chini yake, na gogo likawaka ili wanaume waote moto, mpita njia anajua. Anaingia, analia. Jina la marehemu atauliza baadaye.

Bafu yetu ni shitingi nne za plastiki zilizopigiliwa misumari kwenye miti, pembeni mwa uwanja. Nilikuwa nimejipaka sabuni kuanzia kichwani, maana mtu hawezi kumsalimia mukwe akinuka samadi, ndipo nikasikia sauti ya jirani yetu, Mama Zawadi.

"Yooo! Kwa Papa Neema! Nani amekufa?"

"Sijue," akajibu mwingine. "Lakini angalia pale. Bameshazika!"

"Kuzika mutu ku parcelle?"

"Hii vita ya maisha, mama. Pengine walikosa pesa ya makaburi."

"Na Papa Neema mwenyewe iko wapi?"

Nikasikia kandambili zikilisogelea tuta.

"Uwiii! Ni yeye!"

Ningepaza sauti pale pale, najua. Lakini sabuni ilikuwa machoni, shati na suruali vilikuwa kwenye kamba huko nje, na maji yalikuwa yamekwisha. (Bidoni ya mwisho, dumu zima, nilikuwa nimezinywesha lenga-lenga. Zina kiu kuliko mimi.) Nikawaza: wacha walie kidogo, wataondoka.

Hawakuondoka. Wakaketi. Nikasikia benchi zinalia, na miguu mingine inaingia, na bidoni zinatuliwa chini, kwa maana mama zetu hawaji kwenye matanga mikono mitupu. Kisha wimbo ukaanza. Sauti ya pili ilikuwa nzuri sana, niseme ukweli.

Halafu moto, pikipiki ya abiria, ikasimama barabarani. Mukwe wangu alikuwa amefika mapema.

"Yebabaweee! Mukwe wangu! Mukwe wangu!"

Nikatega sikio kwenye shitingi.

"Alikuwaka mutu mupole!" alilia. "Hakunipandishiaka sauti hata siku moja! Kweli, alikuwa anapanda majani juu ya jiwe, lakini ile ni zambi gani mbele ya Mungu?"

"Hakuna zambi, mama!" watu wakaitikia.

"Na miye nilisemaka ni muvivu! Mukwe, unisamehe!"

Sikutoka. Msinihukumu. Nani kati yenu ameshasifiwa na mukwe mbele ya watu? Nilisimama nikisikiliza, sabuni inanikaukia, na chozi likanitoka. (Kidogo la sabuni, kidogo la kwangu.)

Lakini Mama Zawadi akasema, "Nyamaza, mama. Tumeshamutuma mutu wa moto Kituku amubebe mujane."

Mujane! Nikamwona Mama Neema akianguka katikati ya soko na sambaza zake. Hapo hakukuwa na kungoja. Nikapapasa, nikapata kitenge chake chenye maua makubwa, nikajifunga kiunoni. Nikatoka, mweupe kuanzia nywele hadi kitovu, macho nimefumba, mikono nimeinyoosha mbele nisigonge kitu.

"Mama, niko muzima!"

Wimbo ulikatika kama uzi. Kisha kelele ambayo sijawahi kuisikia. Benchi zikaanguka. Mtu alimwita Yesu, mtu mwingine akamwita mumewe. Nikapiga hatua mbili za kuwatuliza, na hatua ya pili niliipiga peke yangu. Kitenge kilikuwa kimenaswa na msumari wa bafu.

Wandugu. Kwetu, mbele ya mukwe mtu haonyeshi hata goti.

Hapo mmoja wa waliokimbia akang'oa fimbo ya turubai, nalo likaniangukia lote. Ni msaada pekee nilioupata leo.

Nilipopata tundu la kuchungulia, watu wote walikuwa barabarani. Mukwe peke yake alibaki, kwa kuwa magoti yake hayakimbii. Alikuwa amenigeuzia mgongo, amejifunika kichwa kwa kitenge chake.

"Mukwe," akasema, akiutazama ukuta.

"Mama."

"Vaa."

"Ndiyo, Mama."

Nilivaa. Nilifunga vifungo vyote hadi kooni, kana kwamba ingesaidia. Nilipotoka tena, uwanja ulikuwa kama umepitiwa na kundi la ng'ombe. Makopo yamepondeka, vitunguu viko hoi, gogo limeviringika hadi chooni. Sikuthubutu kutazama tuta. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekimbia kutoka pale hadi mlangoni, na tuta liko katikati ya njia. Nikajisemea: kwisha. Makala inaingia leo.

Nikatazama.

Hakuna alama ya mguu hata mmoja! Hata wakimkimbia mfu, watu wetu hawakanyagi kaburi. Wote walikuwa wamelizunguka, huku na huku, na lenga-lenga zangu zimesimama kwenye mstari kama watoto wa shule.

Mukwe naye alikuwa ameliona. Akainama, akachota udongo, akauvunja kwa vidole, akanusa.

"Hii udongo ulinunua wapi?"

"Sikununua, Mama. Niliuzoa mu mufereji."

"Na mbolea?"

"Ya ng'ombe, Mama. Nilipewa bure."

Kabla hajasema kitu, Mama Neema akaingia mbio, miguu mitupu, mfuko wa sambaza mkononi. Akaniona. Akanipiga na ule mfuko. Akanikumbatia. Kisha akafikiri kidogo, akanipiga tena.

"Acha mume wako," mama yake akasema, bado hanitazami. "Ambia kaka yako atafute fasi ingine ya makala. Hii ni bustani. Tangu nianze kulima, sijaonaka bustani yenye watu wanaogopa hivi."

Kisha akaongeza, "Lakini ile musalaba, mutoe."

Nimeutoa. Na bidoni nne za maji zimebaki kwetu, kwa kuwa kilicholetwa kwenye matanga hakirudi nyumbani, hata marehemu akikirudisha mwenyewe. Nilijaribu. Mama Zawadi alinifungia mlango. Basi lenga-lenga zimekunywa vizuri.

Kwa hiyo limeni, ndugu zangu, udongo wa bure upo. Matawi tu muyapeleke nyuma ya nyumba. Na mkinikuta barabarani kesho, nawaomba mnisalimie kwa mdomo. Leo nimeshafinywa na watu kumi na mmoja waliotaka kuhakikisha.