Blogu ya Mtu Aliyeshika Umeme

Jumatano, 1 Machi 2006
Nimeudhika! Barazani leo kahawa i moto, watu washakaa, nami nshakohoa nianze kisa changu cha harusi ya Chukwani. Kisa changu bora. Mwaka 1985, umeme umekatika, taarab imenyamaza, bibi harusi analia. Mie Himid nikashika ncha mbili za waya, moja mkono huu, moja mkono huu. Umeme ukapita kifuani. Harusi ikaendelea!

Sijafika hata kwenye kifua, Bakar akadakia. Eti mwaka jana nliushika mpaka saa sita, mwaka huu mpaka alfajiri, nikijaaliwa umri n'takuwa bado nnao mkononi. Watu kahawa ikawatoka puani. Wakanikatia hukumu palepale: kisa cha waya marufuku barazani mpaka nilete shahidi aliyekuwepo.

Marufuku! Mie! Baraza hii nimeisimulia tangu Bakar hajaota ndevu. Ndevu zenyewe mpaka leo hazijakamilika.

Ijumaa, 3 Machi
Muzna, binti wa marehemu kaka yangu, anafanya kazi duka la intaneti kule Shangani. Kanambia, ami, fungua blogu. Nikauliza ndio mnyama gani. Akasema ni kama baraza, ila iko kwenye kompyuta, na mwenyewe anasema mpaka achoke.

Hapana wa kudakia? Hapana, ami.

Basi nishafahamu kwa nini Mungu kaleta kompyuta. Bakar hatoweza kuniingilia hata akivimba. Tena sauti yangu itafika Maskati, itafika London, na wajukuu zangu wakija kuuliza babu alikuwa nani, hawatoambiwa na Bakar. Maneno yangu mazuri mno kuishia kwenye vikombe vya kahawa.

Mie shule sikusoma, nimesoma chuo cha Kurani tu, herufi nnazijua kwa kuzikodolea. Kwa hivyo mie nnasema, Muzna anapiga, na tumeanza na yale ya Jumatano kwa tarehe yake. Kanambia niangalie waya uliopita sakafuni. Nikamjibu, mwanangu, mie na waya tunajuana.

Jumatatu, 6 Machi
Kisa kimetoka! Safari hii umeme nimeushika mpaka jua limechomoza, na bibi harusi kanibusu mkono. Pahala penyewe pana kidude kinahesabu wasomaji. Watatu! Nikatembea Mkunazini kifua mbele. Muzna kaniharibia, eti wote watatu ni mie, kila nikimwambia afungue tena.

Bi Nunu, mke wangu, kasema wanaume wenzangu wakizeeka hutafuta tasbihi. Mwandishi hajibizani na jikoni.

Alhamisi, 9 Machi
Shahidi kapatikana! Muzna kanipigia simu asubuhi: kuna mtu kaandika kwenye blogu kutoka Maskati, jina lake Hisham. Hisham! Bwana harusi mwenyewe! Anasema alikuwepo!

Nikafika dukani nnatweta. Muzna kanichapia karatasi, akasema ami ngoja kwanza nikusomee. Ningoje nini? Miwani nimeiacha nyumbani, na baraza ilikuwa ishajaa. Nikaipokonya nikaenda nayo mbio. Nikampa Bakar aisome mwenyewe, kwa mdomo wake, ndio adabu imwingie.

Akaisoma. Kwa sauti. Hajapata kusoma vizuri vile hata siku ya maulidi.

Hisham anasema: naam, namkumbuka sana Himid. Umeme haukukatika wenyewe. Himid alijikwaa kwenye waya akikimbilia sinia la biriani. Tukamtafuta kwa tochi, tukamkuta chini, mkononi kashika paja la mbuzi. Bibi harusi kweli alilia. Mpe salamu zangu.

Kahawa sikuimaliza.

Ijumaa, 10 Machi
Mtaa mzima unaniuliza hali ya paja. Natoka msikitini, Bakar ananipa mkono, anauangalia, anauliza mbona leo mtupu.

Muzna kasema tukifute kisa, ami, watu watasahau. Nifute? Afute Hisham! Hebu tazama: baraza walitaka shahidi, nimewaletea, tena kwa ndege ya kompyuta. Shahidi kakubali harusi ilikuwepo, waya ulikuwepo, na mie nlikuwepo. Na kitu nlishika. Tunahitilafiana kuhusu kitu gani tu! Kesho nnamjibu, na namwaga yote.

Jumamosi, 11 Machi
Jawabu ilikuwa inapendeza, wallahi. Muzna anapiga, mie nnasema, duka limejaa watu na kompyuta zao. Nshafika pale Hisham anapoona haya. Meza ya pili mtu kaweka sahani ya sambusa, zinatoa moshi. Mwandishi naye ana tumbo. Nikainuka kidogo.

Waya ule umewekwa vibaya. Nilisema tangu Ijumaa! Au Muzna ndiye aliyesema.

Kompyuta zote zikazima kwa pamoja. Mzungu mmoja akapiga ukelele, alikuwa anamwandikia mchumba wake. Jawabu yangu imepotea yote. Mie niko sakafuni. Muzna kamulika kwa simu, akaniangalia mkononi. Halafu akasema kwa adabu, ami, usikanyage tena hapa.

Si neno. Darajani kuna duka jengine, ndiko nnakosemea haya, kijana wa huko anapiga. Kesho nnarudi kuandika namna waya wa Shangani ulivyotaka kuwaka moto na watu wote ndani, mie nikauchomoa kwa mguu mmoja. Na safari hii mashahidi wa kumwaga, mpaka Mzungu! Bakar nitampa mwenyewe asome.

Sambusa ilikuwa ya kima.