Mkate Wangu wa Mchangani Hauna Kosa

Kwa Daktari Lehbib, zahanati ya kambi yetu ya wakimbizi,

Salamu zikufikie pamoja na hasira zangu. Mimi ni Maglaha, bibi yake Suelma, yule mtoto uliyemwandikia karatasi ya kutogusa ngano. Naandika mwenyewe. Kuandika nimejifunza uzeeni. Kusema sikufundishwa na mtu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi uliopita nilifukua mkate wangu mchangani, chini ya makaa, umeiva, wageni wanatazama. Namkatia Suelma kipande cha kwanza, ananiambia, "Bibi, huo una gluteni," eti kitu kilichomo ndani ya ngano. Mbele za watu! Mkate huo nimeuoka miaka sitini, hata kwenye harusi ya mama yako niliuoka mimi, na hakuna aliyewahi kusema una kitu zaidi ya mchanga.

2. Unasema sisi Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, tunao ugonjwa huu wa tumbo kukataa ngano kuliko watu wengine. Nani kakutuma kutuhesabu? Jirani yangu Mneina kakutwa nao, wanawe wawili pia, na mbuzi wake nadhani anangoja zamu. Zamani tulisema tumbo lina upepo, tukanywa chai, basi. Suelma kukonda hadi miguu ikawa vijiti, mimi nilijua ni ukaidi wa kukataa kula.

3. Unga wa mahindi mliotupatia haushikani. Niliuzika, nikafukua makombo. Asubuhi nzima natenganisha mkate na jangwa.

4. Kama wagonjwa ni wengi hivyo, basi sisi ndio wazima! Wanaokula ngano ndio wapewe kadi za wagonjwa, wapange foleni juani, na bibi zao waitwe wauaji.

5. Karatasi ya Suelma ifutwe. Nawe uje Ijumaa, mbele ya wageni walewale, uombe radhi. Si kwangu, kwa mkate.

Na habari za kunipima damu, sitaki kuzisikia. Nina afya ya ngamia.

Msalimie mama yako, mlinzi wa mlangoni, na yule muuguzi mwenye mkono mzito.

Ni mimi, niliyevunjiwa heshima,
Maglaha mint Abidin

Nyongeza: Huyo muuguzi kanichoma sindano akanitoa damu ya kupima Jumanne, nilipompeleka Suelma kwenye mizani. Mtoto kaongezeka kilo mbili. Unga wa mahindi, kumbe, unashika ukiukanda kwa maji moto na kuuoka sufuriani. Tuletee mfuko mwingine. Tunaula wawili, na tumbo langu wiki ya tatu hii limenyamaza. Majibu yangu yakitoka, andika kwa herufi kubwa. Ijumaa njoo tu, ila wageni usiwaambie wanakula nini.