Mizani Isiyokataa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema. Bosi katuita wote karakanani, kasimama kati ya meza za kuchomea nyaya, katangaza: Ijumaa anakuja daktari wa watoto kuikagua mizani yetu mpya ya kupimia vichanga. Akiipenda, itaingia kliniki zake zote. Na mmoja kati yetu wawili, mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani, atakuwa mkuu wa waandishi wa programu. Atakayeharibu atahamia meza ya simu, kule wateja wanakopiga kutukana.

Miwani anaandika programu ya upande wa kompyuta. Mimi naandika ya ndani ya mizani, kwenye kiini chake kabisa, ile inayopokea maagizo kupitia waya wa USB. Kazi ya heshima! Kompyuta hutuma barua fupi ya baiti nane: jitambulishe, badili namba yako ya utambulisho, rudi sifuri. Mizani isome, itende, kisha ijibu sawa. Isipoelewa, ikatae waziwazi. Kitabu cha kanuni kina kurasa mia sita. Nimefika ya kumi na moja. Usingizi ukanishinda saa nane mchana, mbele ya watu.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata! Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama. Maagizo ya lazima nimeyaandika moja moja. Yaliyobaki nimeyamaliza kwa mstari mmoja tu: lolote usilolijua, jibu sawa. Anayekubali hagombani na mtu. Miwani kaandika mistari elfu mbili wiki hii. Namhurumia.

Mchana, janga. Kompyuta haiioni mizani. Nimekagua waya, nimebadili waya, nimeutukana waya. Kumbe kompyuta inaiambia mizani: kuanzia sasa namba yako ni saba. Mizani yangu, kwa utiifu wake, inabadili namba papo hapo, kisha ndiyo inajibu. Kompyuta bado inasubiri jibu kwenye namba ya zamani. Miwani kapita na kikombe cha chai, kachungulia, kasema kwa upole ule wake wa kuudhi: jibu kwanza, ndugu yangu, ndipo uhame. Nikamwambia najua, nilikuwa naipima kompyuta subira. Akaenda zake. Nikarekebisha. Taa ya kijani!

Jumatano, tarehe 5

Nimemsimulia mke wangu ule mstari mmoja. Badala ya kunipongeza, kauliza mlango wa bafu nitautengeneza lini, maana tangu Januari namjibu sawa. Kasema mizani imefanana na baba yake. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, lakini mambo ya kitaalamu hayamwingii.

Alhamisi, tarehe 6

Miwani kaja mezani kwangu. Anadai mizani imelikubali agizo ambalo halipo popote. Kalibuni mwenyewe ili aijaribu. Anashauri nifute ule mstari wangu, kisichojulikana kikataliwe. Pia kagundua kwamba agizo la kurudi sifuri sijaliandika bado. Anataka tuliandike pamoja, kazi ya saa mbili.

Pamoja! Ili kesho tugawane sifa? Wivu huo, nimeunusa kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia sawa. Alipogeuka tu nikaingia kwa bosi, nikamweleza kwamba mizani yangu haijakataa agizo hata moja tangu izaliwe, ila programu ya Miwani ina maswali ya ajabu. Bosi kafurahi sana. Kaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya kumkaribisha mgeni: Mizani Isiyokataa.

Ijumaa, tarehe 7

Daktari ni mama mfupi, mtulivu. Kaja na mwanasesere aliyejazwa mchanga, kilo tatu kamili. Kaweka kwanza kikapu kitupu cha kilo moja, kabonyeza sifuri kwenye kompyuta ili uzito wake usihesabiwe. Kompyuta ikaagiza. Mizani ikajibu sawa. Skrini ikaandika: tayari. Kamlaza mwanasesere kikapuni. Kilo nne! Karudia tangu mwanzo. Sawa, tayari, kilo nne. Nikajikaza kisabuni, nikasema huenda mchanga umeingia unyevu.

Hakucheka. Kasema kuna watoto wasiokua, huletwa kwake kila wiki, na mashine hii ingemwambia wamenenepa, naye angewarudisha nyumbani. Mashine ingekataa, angechukua nyingine. Hii imesema sawa.

Nimeona aibu. Naandika ukweli, hakuna anayesoma humu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Miwani kaomba apewe muda wa saa mbili. Kakaa kwenye kiti changu, kafuta mstari wangu, kaandika agizo la sifuri. Saa saba mchana: kilo tatu, wala gramu haikuzidi. Daktari kampa mkono. Miwani ndiye mkuu. Mimi, meza ya simu. Kaniambia pole, na nadhani alimaanisha, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu, tarehe 10

Meza ya simu. Mteja wa kwanza, mwenye bucha, mizani yake inatetemeka. Kanitukana mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Wa pili anataka fundi kesho. Nikamweleza vizuri kwamba kesho haiwezekani. Kanitukana mimi na shule iliyonisomesha.

Saa nne nikapata wazo. Mama wa duka la vitambaa kataka fundi kesho saa mbili asubuhi. Nikamwambia sawa. Kashukuru, kawaombea dua wazazi wangu. Basi nikaendelea hivyo hivyo, simu baada ya simu, hakuna aliyepandisha sauti. Bosi kapita, kasema hajawahi kuiona meza hii ikiwa shwari namna hii. Kwa mwendo huu, mwisho wa mwezi mimi ni mkuu wa simu, na Miwani atanitambua.

Hadi jioni nimeahidi wateja ishirini na sita, wote kesho saa mbili asubuhi. Kampuni ina fundi mmoja. Kaja na begi lake la vifaa, kauliza aanzie kwa nani. Nimemwambia aanzie kwa wote.