Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Anayefungua Mafaili Yote ya Mwili kwa Mpigo

Ndugu Meneja wa Jimu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ina mambo mazito. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwanachama wako mtiifu. Kazini kwetu faili hushughulikiwa moja moja: linafunguliwa, linakamilika, linafungwa, ndipo linachukuliwa jingine. Mwili wangu naujenga kwa utaratibu huohuo, msuli mmoja baada ya mwingine. Nilianza na ule wa mbele wa mkono wa kulia. Huu ni mwezi wa kumi na nne na faili hilo bado liko mezani, lakini linakwenda vizuri. Mkono wa kushoto unasubiri zamu yake bila manung'uniko.

Ndipo mkatuletea huyu mwalimu mpya, mnayemwita Kifua. Namlalamikia kama ifuatavyo:

1. Anafundisha watu kuchuchumaa na chuma begani. Nilipomuuliza zoezi hilo ni la msuli gani, alijibu bila haya kwamba ni la mapaja, makalio, mgongo na tumbo, vyote pamoja. Mafaili manne kwa mpigo! Kwetu masjala angekuwa ameshaandikiwa barua ya onyo.

2. Zoezi lake jingine ni kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Hapo hata nyayo zinahusishwa. Jamani, nyayo zimekosa nini?

3. Alinishauri mbele za watu nipunguze kukunja mkono mmoja, eti natembea nimelalia upande. Ndugu Meneja, hayo ni maendeleo.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Amemfundisha mke wangu. Miezi mitatu tu! Juzi tulikuwa kwa mama mkwe, akataka kabati lake la nguo lisogezwe. Nikavua shati, nikakunja mkono, nikawapa muda wa kuutazama. Kabati halikusogea. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba watoto, hebu nipishe kidogo." Akalisogeza peke yake hadi ukutani. Mama mkwe hakunitazama tena mpaka tulipoaga. Nimedhalilika, sikufichi.

Kwa hiyo naomba mwalimu aondolewe, vyuma virefu vifungiwe stoo, na kila mwanachama apangiwe msuli wake mmoja kwa maandishi. Mke wangu naye arudishwe alivyokuwa, kama jimu ina utaratibu huo.

Nisalimie dada wa mapokezi, mzee wa usafi, na wenzangu wote wa kukunja mkono. Mwalimu usimsalimie.

Wako mwenye kufuata taratibu,
Karani wa Masjala

Nyongeza: Kabla hujamfukuza mwalimu, naomba anipatie vipindi vitatu vya haraka, saa ambazo mke wangu yuko kazini. Anifundishe kuchuchumaa, kunyanyua, na hizo nyayo pia. Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. Amenunua friji, na anatutaka Jumamosi.