Mama Yangu Amegoma Kunipikia kwa Sababu ya Orodha Yenu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Jumanne iliyopita, saa saba kasoro dakika kumi mchana, nilipoteza chakula cha mama yangu. Sisemi kilimwagika. Nasema hakikuja. Kwa miaka kumi na minane, tangu nilipofungua karakana yangu ya kuchaji betri za magari kwa chaja ya kuazima na meza ya miguu mitatu, bakuli la mama limevuka barabara kila siku ya kazi, saa hiyohiyo, limefunikwa sahani, kijiko juu. Sasa halivuki. Chanzo ni jarida lenu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mlichapisha orodha ya vyakula vinavyoutia mwili tindikali, yaani nyama, mayai, wali na mkate, na vile vinavyoutia alkali, yaani mboga za majani, matango, na eti ndimu. Ndimu! Mimi tindikali ndiyo kazi yangu. Imenitobolea maovaroli sita. Nilisoma hapo mara tatu, kisha nikajisemea potelea mbali, walioandika wamesoma kunishinda.

2. Mkaandika kwamba mtu anaweza kujipima nyumbani kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi: saba ni katikati, chini yake tindikali, juu yake alkali. Kumpa mtu wa hesabu kipimo ni kumpa fisi bucha alinde. Nilinunua vikaratasi mia. Kila asubuhi nilichukua chupa ndogo ya kioo kwenye rafu ya karakana, kavu, inang'aa, nikajipima mkojo. Siku tisa, vipimo tisa, jibu moja: mbili. Nina wateja ambao betri zao hazifiki hapo.

3. Kwa kuwa anayenipikia ni mama, hesabu ilinielekeza jikoni kwake. Nilimwonyesha orodha yenu, nimepiga mstari mwekundu chini ya mapishi yake kumi na moja kati ya kumi na matatu. Aliendelea kukoroga sufuria. Kisha nikamwomba, kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, anipatie na yeye mkojo wake. Hapo alisema.

"Mwanangu, nimekulea kwa tindikali hiyohiyo mpaka ukaota meno ya kunitafuna."

Akanikabidhi mwiko. Tangu siku hiyo anapika sufuria ya mtu mmoja na kula mlango wazi. Harufu inavuka barabara; bakuli halivuki.

4. Hamkuniandaa kwa maneno ya jirani yangu muuguzi. Yeye anashikilia kwamba chakula hakibadilishi damu. Mapafu na figo huilinda ikae palepale, juu kidogo ya saba, na mkojo ni yale ambayo figo zimeyatupa nje. "Dada, unapima jalala ili ujue kama sebule imefagiwa," aliniambia. Akaongeza kwamba hajawahi kuona mtu aliye hai mwenye mbili. Nilimshukuru kwa sifa.

5. Nimejipikia kwa kufuata upande wenu wa alkali: majani ya kuchemsha na matango, siku nne. Nimepungua kilo mbili na nusu. Fundi wangu mkuu ameniambia, bila kuulizwa, kwamba siku hizi betri zina upole kuliko mimi. Kipimo: mbili.

6. Hapo nikapima kila kitu, kwa chupa ileile. Maziwa, mbili. Chai, mbili. Maji ya bomba, mbili! Idara ya maji nimekwisha kuiandikia, ijieleze inatunywesha nini mtaa mzima.

Kwa hiyo nadai mumwandikie mama yangu barua ya kumsafisha, kwa herufi kubwa, maana miwani yake ni ya zamani. Aliyeandika orodha aje ale mapishi yangu siku saba, bila chumvi. Na masoko yote yajengewe ukuta katikati, tindikali huku, alkali kule, na ndimu ziwekwe mlangoni chini ya ulinzi mpaka ijulikane ni za upande gani.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi hadi mpiga chapa, na hata huyo mwenye orodha, kama bado ana hamu ya kula.

Wako mwenye njaa na mwenye haki,
Mwenye karakana ya betri, ng'ambo ya nyumba ya mama yake

Nyongeza: Nilimpelekea mama barua hii aone ninavyomtetea. Alifika namba mbili, akavua miwani. "Hiyo chupa uliiosha?" Nimerudi kuitazama. Mchana mafundi wangu huitumia kuongezea betri maji makali, yaani tindikali yenyewe. Lebo ilibanduka zamani. Nimepima upya kwa kikombe cha chai: maji saba, mimi sita. Madai yote nayafuta, isipokuwa la ndimu. Idara ya maji nitajua la kuwaambia.

Lakini mama bado hajaniambia kitu kingine, na maneno si kazi yangu, ni yenu. Barua naileta kwa mkono, basi nijibu moja kwa moja: binti aliyemwomba mama yake mkojo huanzia wapi kuomba radhi? Nataka jibu kesho, kabla ya saa saba kasoro dakika kumi. Nimeona bakuli limeoshwa, limeanikwa dirishani kwa mama, na sijui ni la nani.